Mkulima Asiye na Jembe

Msomaji, ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Nakuru kwenda Nairobi, utapita Mbaruk, kisha utaliona ziwa la Elementaita likimeta upande wako wa kuume. Mbele kidogo, upande wa kushoto, pana Kariandusi, mahali penye udongo mweupe kama unga. Udongo ule ni mabaki ya mimea midogo mno iliyoishi katika maji ya ziwa la zamani, ikafa, ikazama, ikalala tabaka juu ya tabaka. Hapo hapo, mwishoni mwa miaka ya 1920, msafara wa Louis Leakey uligundua mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine yamechongwa kwa jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama kioo. Ukiendelea utafika Kikopey, penye moshi wa nyama choma, na baadaye Gilgil, mji wetu, uliojengwa juu ya mwinuko wa kadiri ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Wageni wafikao huku huonyeshwa ziwa, ndege na mashoka ya mawe. Hayo yote yastahili kutazamwa. Lakini mimi, niliye mwalimu wa shule katika mji huu, nakuomba uiname nami utazame kitu kimoja ambacho hakionyeshwi wageni, nacho ni udongo wa shamba. Humo mna wafanyakazi wawili ambao historia haikuwapa kurasa. Wa kwanza ni nyungunyungu. Wa pili ni bakteria, ambaye jicho halimwoni kabisa. Nataka kukusimulia jinsi binadamu walivyowajua, walivyowasahau, na jinsi elimu yao iliyo njema ilivyopata kuchukiwa katika nchi yetu. Nitakueleza pia kosa nililolitenda mimi mwenyewe, kwa kuwa lilinifundisha historia kuliko kitabu.

Tuanze na nyungunyungu. Hana macho, hana meno, hana mifupa, wala hana mapafu. Hupumua kwa ngozi yake, na ngozi hiyo ikikauka hufa. Kwa sababu hiyo huishi gizani na penye unyevu. Hula majani yaliyooza pamoja na udongo, na kwa kuwa hana meno, chakula chake husagwa ndani ya firigisi yake kwa msaada wa chembe za mchanga alizozimeza. Akitoka chakula hicho huwa kinyesi laini chenye rutuba ambayo mizizi huweza kuifyonza kwa urahisi kuliko ile ya udongo wa kandokando. Tena kila apitapo huacha tundu, na kwa tundu hilo maji ya mvua hushuka chini badala ya kukimbia juu na kuubeba udongo. Basi huyu hulima, hutia mbolea na huchimba mifereji, wala hana jembe.

Yamkini utauliza: Je, ni nani aliyeutambua kwanza wema wa vitu vioavyo? Vitabu vingi vitakutajia majina ya Ulaya, nami nitayataja kwa heshima yake. Lakini haki yataka tuanze nyumbani. Katika ziwa Viktoria, upande wa Tanzania, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Ukara. Watu wake, Wakara, walikuwa wengi na ardhi yao ilikuwa haba. Hawakuwa na nafasi ya kuliacha shamba lipumzike miaka mingi na kuhamia jingine. Kwa hiyo walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, wakawakatia majani na kuwaletea, wakaikusanya samadi na kuipeleka shambani. Fauka ya hayo walipanda marejea katikati ya uwele, kisha wakaifukia marejea hiyo ardhini ioze. Kusini mwa Tanzania, katika milima ya Mbinga, Wamatengo nao hulima kwa ngoro. Hufyeka majani, huyapanga chini kwa mistari inayokatana, kisha huyafukia kwa udongo unaochimbwa katikati. Majani huoza ndani ya matuta na kulisha mazao, na mashimo yaliyobaki katikati huyazuia maji ya mvua yasibomoe mlima.

Hawa hawakuandika vitabu juu ya kazi yao. Shamba lao ndilo lililokuwa kitabu, na mtoto alikisoma kwa kumfuata mama yake.

Sasa twende Ulaya. Uingereza alikuwako mtaalamu aitwaye Charles Darwin, ambaye jina lake limejulikana duniani kwa mambo mengine. Katika mwaka 1837, akiwa bado kijana, aliwaeleza wataalamu wenzake kwamba udongo mzuri wa juu ya mashamba umepita katika matumbo ya nyungunyungu. Wengi hawakuona maana ya kushughulika na kiumbe duni kama huyo. Darwin hakubishana sana. Mwaka 1842 alitandaza vipande vya chokaa juu ya shamba karibu na nyumba yake, akangoja. Alingoja miaka 29! Mwaka 1871 alichimba handaki katika shamba lile, akavikuta vipande vya chokaa vimelala inchi 7 chini ya ardhi, yaani karibu sentimita 18. Hakuna mtu aliyevifukia. Nyungunyungu walikuwa wakileta udongo juu kila siku, kidogo kidogo, mpaka chokaa ikazikwa. Mwaka 1881 alichapisha kitabu kizima juu yao, akaonyesha kwamba katika mashamba mengi ya kwao nyungunyungu hupandisha juu zaidi ya tani 10 za udongo katika kila eka moja kwa mwaka. Alikufa mwaka uliofuata. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba; Darwin aliipima haba hiyo kwa inchi na kwa tani.

Miaka 7 baada ya kitabu hicho, Henry Drummond, msafiri aliyepita katika nchi za Afrika ya Kati, aliandika kwamba katika sehemu za Afrika zenye kiangazi kirefu kazi ya nyungunyungu hutendwa na mchwa. Mtu wa Gilgil hana haja ya kuambiwa jambo hilo mara mbili. Hapa kwetu ardhi hukauka mpaka ikapasuka, na nyungunyungu hujificha chini sana. Lakini mchwa huendelea kupandisha udongo juu, na nyasi humea vizuri kando ya vichuguu vyao.

Wakati Darwin alipokuwa akimchunguza mfanyakazi aonekanaye, wengine walikuwa wakimtafuta yule asiyeonekana. Tangu kale wakulima walijua kwamba shamba lililopandwa kunde au maharagwe hutoa nafaka nzuri mwaka unaofuata. Sababu yake haikujulikana. Mwaka 1886 Hermann Hellriegel wa Ujerumani alitangaza kwamba siri hiyo imo katika vinundu vidogo vilivyo kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatoa bakteria katika vinundu hivyo, akawakuza peke yao. Ikajulikana kwamba bakteria hao huchukua nitrojeni iliyomo hewani, ambayo mmea hauwezi kuitumia, wakaigeuza kuwa chakula cha mmea. Na mmea nao huwapa sukari. Muda si muda Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Dola ya Urusi ya zamani, alionyesha kwamba wako bakteria wengine udongoni ambao huibadili nitrojeni itokayo katika vitu vilivyooza na kuifanya ifyonzwe na mizizi. Kumbe Mkara alipofukia marejea alikuwa akiwaajiri bakteria hawa, ingawa hakupata kuwaona!

Usidhani, msomaji, ya kuwa habari hizi ni za mbali. Hapa Nakuru ardhi yenyewe ilitoa somo moja kubwa. Kabla ya wazungu kuja, bonde hili lilikuwa malisho ya Wamasai, ambao hawakukaa na ng'ombe wao mahali pamoja. Walihama na majira, wakayafuata majani mabichi na mahali penye chumvi. Mwaka 1904 Wamasai waliondolewa katika sehemu hii ya bonde kwa mapatano yaliyowafaa zaidi wageni kuliko wenyeji, na nchi ikakatwa vipande vikubwa vyenye mipaka. Walowezi waliofuga katika sehemu za Njoro na Nakuru, Lord Delamere akiwa mmoja wao, waliona ajabu. Majani yalikuwa mengi, lakini mifugo ilikonda. Ugonjwa huo ulienea sana hata ukaitwa katika vitabu vya tiba ya mifugo kwa jina la Nakuru.

Sababu yake ilifahamika kutokana na uchunguzi wa nchi nyingine. Mwaka 1935 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba ugonjwa wa namna hiyo hutokana na upungufu wa madini yaitwayo kobalti katika udongo. Mwaka 1948 ilipogunduliwa vitamini B12, ilionekana kwamba ndani yake mna kobalti. Vitamini hiyo ng'ombe hajitengenezei mwenyewe. Hutengenezewa na bakteria walio tumboni mwake. Ikiwa udongo hauna kobalti ya kutosha, majani hayana. Ikiwa majani hayana, bakteria hawana cha kufanyia kazi. Na bakteria wakishindwa, ng'ombe hufa njaa miguu yake ikiwa katika majani. Ndivyo udongo, mmea, mnyama na kiumbe asiyeonekana walivyofungwa kwa kamba moja. Mfugaji aliyehama aliitunza kamba hiyo bila kujua jina la kobalti. Yule aliyezungushia seng'enge aliikata bila kujua.

Sasa nifikie habari ya mboji. Mwingereza Albert Howard alikwenda Bara Hindi mwaka 1905 kuwa mtaalamu wa kilimo. Alitumwa kuwafundisha wakulima. Lakini alikuwa na busara ya kutazama kwanza, akaona kwamba mashamba ya wakulima wa vijijini yalikuwa na afya kuliko ya serikali. Akajifanya mwanafunzi wao. Akichanganya maarifa yao na ya wakulima wa China, yeye na mkewe Gabrielle, aliyekuwa pia mtaalamu, na wenzao Wahindi, walitengeneza njia ya kuozesha mabaki ya shamba kwa utaratibu katika mji wa Indore, kati ya mwaka 1924 na 1931. Njia yenyewe ni hii: mabua na majani hupangwa kwa matabaka pamoja na samadi, udongo na majivu, biwi hilo hunyunyiziwa maji, hugeuzwa mara kadhaa ili hewa ipenye, na baada ya miezi 3 hivi huwa mboji nyeusi isiyonuka. Mwaka 1933 njia hiyo ilianza kutumiwa katika shamba la kahawa karibu na Nairobi, ikaenea katika mashamba mengine ya kahawa ya Kenya na Tanganyika.

Tazama safari ya maarifa hayo. Yalitoka kwa wakulima wa Asia, yakaandikwa na mtaalamu wa Ulaya, yakafika Afrika, ambako Mkara na Mmatengo walikuwa na yao ya jamii ile ile. Laiti yangalikuja kama mgeni ajaye kuzungumza na wenyeji! Lakini hayakuja hivyo.

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo. Habari za tufani za vumbi zilizokuwa zikiyaangamiza mashamba ya Marekani zilikuwa zimefika huku, na katika maeneo waliyotengewa Waafrika watu walikuwa wamebanwa mno hata ardhi haikupata kupumzika. Hofu hiyo ilikuwa na haki. Mwaka 1938 iliundwa idara ya kuhifadhi udongo. Lakini serikali haikugusa sababu kubwa, ambayo ni kwamba ardhi pana ilikuwa mikononi mwa watu wachache. Ilichagua kuwaamrisha waliobanwa wachimbe matuta. Murang'a wanawake walitolewa majumbani asubuhi, siku kadhaa za juma, wakachimbe bila ujira huku wakisimamiwa na watu wa chifu. Mwaka 1947 watu walikutana wakaamua kwamba wanawake wasiendelee na kazi hiyo, na mwaka 1948 wanawake wenyewe waliandamana mpaka mjini kuikataa. Katika kaunti yetu ya Nakuru, huko Olenguruone, wakulima waliohamishiwa huko walitakiwa kuzifuata kanuni za kilimo kama sharti la kukaa. Walikataa, wakala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamekwisha kufukuzwa.

Nyanya yangu alikuwa msichana katika siku zile za matuta. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini hakupenda kuchimba shimo la takataka kama walivyofanya majirani. Alinijibu: "Mjukuu wangu, mimi nimekwisha kuchimba." Sikuyaelewa maneno hayo. Nilidhani alikuwa amechoka kwa uzee.

Nikawa mwalimu. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikapangiwa shule katika sehemu hizi, nilikuwa na bidii na sikuwa na busara. Shamba la shule lilikuwa na udongo wa majivu ya volkeno, mwepesi kama vumbi la tumbaku. Upepo ukivuma huinuka, na mvua ikinyesha huteremka bondeni. Niliamua kulitengeneza kwa mboji. Lakini sikutaka kuyapoteza masomo ya darasani, basi nikaiweka kazi hiyo kuwa adhabu. Aliyechelewa alichimba shimo. Aliyesema ovyo alibeba samadi. Nilinunua na nyungunyungu wekundu, wale wapendao takataka zilizooza, nikawatia katika biwi siku ile ile tuliyolipanga, samadi ikiwa mbichi. Baada ya siku 4 nilifukua, nikawakuta wamekufa wote. Watoto walicheka. Mmoja wao alisema kwa sauti ya chini, "Hata wao wamekimbia adhabu."

Neno lile lilinichoma. Usiku nilimkumbuka nyanya yangu na jibu lake, na sasa nikaelewa. Yeye hakuuchukia udongo. Aliichukia fimbo iliyosimama nyuma yake alipokuwa akiuchimba, na fimbo ilipoondoka, chuki ilibaki katika jembe. Mimi, mjukuu wake, niliyesoma historia ya matuta na kuifundisha darasani, nilikuwa nimeishika fimbo ile ile kwa mkono mwingine! Elimu ya mboji haikuwa na kosa katika mwaka 1948, wala haikuwa na kosa katika shamba langu. Kosa lilikuwa katika mkono ulioileta.

Siku iliyofuata niliwaomba radhi wanafunzi wangu. Nililifuta sharti la adhabu, nikawaambia kwamba atakaye na aje baada ya masomo tuchunguze pamoja kwa nini nyungunyungu walikufa. Walikuja 6 tu. Tulitia kipimo cha joto ndani ya biwi jipya, na siku ya tatu tukaona joto limepita nyuzi 55. Hapo ndipo tulipojifunza utaratibu wa kazi ya wafanyakazi wetu wawili. Kwanza huja bakteria wapendao joto la kawaida. Hula sukari na vitu laini, na kwa kula kwao biwi hupata moto. Kisha huja wale wapendao moto. Hao huendelea mpaka nyuzi 60 na zaidi, na katika joto hilo mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya maradhi hufa. Chakula chepesi kikiisha, moto hupoa. Ndipo ukungu pamoja na bakteria wa kile kinukio cha mvua ya kwanza hushughulikia mabua magumu. Nyungunyungu zamu yake ni baada ya kupoa, kwa kuwa joto la nyuzi 35 humdhuru. Mimi nilikuwa nimemtupa tanuruni.

Mara ya pili tulingoja. Tulitumia mabua ya mahindi, magugu, majani ya mti wa mfereji na samadi ya ng'ombe, tukalifunika biwi kwa nyasi kulikinga na jua la Gilgil. Tuliliweka katika unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa: kikilowa mno hewa hukosekana na harufu mbaya huja, kikikauka kazi husimama. Lilipopoa tulitia nyungunyungu. Tulipolifukua baadaye tuliwakuta hai, tena na vifuko vya mayai vidogo vya manjano, kila kimoja kama mbegu ya mtama. Siku hiyo walikuwapo wanafunzi zaidi ya 20, wala sikumwita hata mmoja.

Huenda ukasema: Ya nini taabu hii, na mbolea ya gunia ipo? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa historia. Mwaka 1909 Fritz Haber wa Ujerumani alionyesha namna ya kuichukua nitrojeni ya hewani kwa mashine, na mwaka 1913 Carl Bosch aliianzisha kazi hiyo kiwandani. Kazi ambayo bakteria hufanya kimya katika kinundu cha kunde, binadamu aliifanya kwa moto mkali na nguvu nyingi. Uvumbuzi huo umewalisha watu wengi, na si haki kuutukana. Lakini una masharti: hutaka nishati nyingi, na bei yake hupanda na kushuka kwa mambo yatokeayo mbali nasi. Mwaka 1984 nyani wa shamba kubwa la Kekopey, hapa Gilgil, waliokuwa wakichunguzwa tangu mwaka 1972 na mtaalamu Shirley Strum, walihamishiwa Laikipia kwa sababu shamba lile lilikuwa limenunuliwa na chama cha wakulima na kugawanywa, nao nyani wakawa wanakula mazao. Malisho yaliyokuwa ya ng'ombe yakawa vishamba vya mahindi na maharagwe. Watu waliokuwa wakiililia ardhi waliipata, na ilikuwa haki yao. Lakini walichopata ni vipande vidogo vya udongo mwepesi, penye mvua isiyoaminika. Mtu wa namna hiyo hawezi kuhama kama Mmasai wa kale. Yuko katika hali ya Mkara.

Mwaka 2022, vita vilipotokea Ulaya, bei ya gunia la mbolea ilipanda hata wengi wakapanda bila kutia chochote, mpaka serikali ilipoleta ruzuku. Mwaka 2024 ikagunduliwa kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa katika mpango wa ruzuku yalikuwa na kitu kisichostahili kuitwa mbolea. Mkulima aliyetia kitu hicho shambani aliutumia msimu mzima kabla ya kujua. Aliye na biwi nyuma ya nyumba yake anajua lina nini ndani yake, kwa sababu alilijaza kwa mikono yake.

Walakini sitaki kukudanganya. Mboji si dawa ya kila kitu. Mtu mwenye ng'ombe mmoja na eka moja hana samadi ya kutosha shamba lote. Na udongo ulio na upungufu wa fosforasi hautaponywa kwa majani yaliyoota katika udongo uo huo. Nyungunyungu hawaumbi madini yasiyokuwapo. Huyafungua yale yaliyopo. Kwa hiyo mkulima mwenye hekima hutia mboji ili udongo upate kushika maji na kuwalisha bakteria, hupanda kunde na maharagwe kwa zamu na nafaka, na penye upungufu hutia mbolea ya gunia kidogo, kwa kipimo. Hata bakteria wa vinundu sasa hununuliwa: wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwachagua walio bora, na unga wao, uitwao Biofix, umetengenezwa papa hapa Nakuru, ukipakwa kwenye mbegu za maharagwe au soya kabla ya kupanda. Yule mfanyakazi aliyetambuliwa Uholanzi mwaka 1888 amekuwa jirani yetu.

Nakuomba, msomaji, ufanye jambo moja dogo. Leo jioni, kama jua limepungua, chukua kijiti uende nyuma ya nyumba, mahali palipotupwa maganda na majivu. Fukua kidogo. Kama udongo ni mweusi na unanukia mvua, wafanyakazi wako wamo. Uwafunike upesi, kwa kuwa hawapendi mwanga. Kama ni vumbi tupu, waanzie chakula.

Nyanya yangu bado yu hai, na miaka yake imepita 90. Likizo iliyopita nilimpelekea kikapu cha mboji ya shule, sikumwambia kitu. Alitia mkono, akaisugua kati ya vidole, akainusa. Kisha akaniuliza ni nani aliyewalazimisha watoto kuitengeneza. Nilimjibu kwamba hakuna. Alinyamaza kitambo, akaniamuru niimimine katika shina la mgomba ulio karibu na mlango wake, na akasimama hapo akiniangalia mpaka nikamaliza.